Programu za kupangia reli za mfano: ipi inakiweka kiolezo mahali pake?

Ukitafuta programu ya kuchorea mpango wa reli za mfano, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni picha za pande tatu: vilima, stesheni, treni ikikata kona. Zinapendeza, lakini siku unapochukua msumeno kukata reli hazikusaidii chochote. Kinachokusaidia siku hiyo ni jambo ambalo matangazo hulipita haraka: kama programu inakuwezesha kukiweka kiolezo (mchoro wa kipande cha reli) cha pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, au cha kona, pale hasa unapokitaka, kukizungusha, na kukiunga na jirani yake bila pembe kupotea. Nimezipanga programu zifuatazo kwa kigezo hicho kwanza. Mengine, kama bei na mwonekano, yamekuja baadaye.

Kwa nini pembe? Kwa sababu kosa lake halibaki pale lilipozaliwa. Kiolezo kikiwa kimeinama digrii 1 tu kuliko inavyotakiwa, baada ya mita moja reli yako itakuwa imehama pembeni karibu milimita 17.5. Geji, yaani upana kati ya reli mbili, ya HO na OO, vipimo viwili vya kawaida vya reli za mfano, ni milimita 16.5. Yaani kosa ambalo kwenye kioo cha kompyuta hulioni limekuhamishia njia nzima, na kipande cha mwisho hakitaungana.

Kosa lingine linalowakuta wengi ni kuchanganya familia mbili za reli. Kona za OO za kampuni ya Hornby zimepangwa kwa nusukipenyo cha milimita 371, 438, 505 na kuendelea, kwa hiyo njia mbili zilizo sambamba huachana kwa milimita 67, na pointi zake hugeuka digrii 22.5. Pointi za PECO Streamline, za kampuni nyingine, hugeuka digrii 12, na njia zake sambamba hukaa karibu zaidi, kiasi cha milimita 50. Sasa chukua pointi ya digrii 12, kisha jaribu kuirudisha njia ya pembeni iwe sambamba kwa kona ya digrii 22.5. Umegeuza digrii 10.5 za ziada. Sentimita 30 mbele, njia hiyo itakuwa imesogea zaidi ya sentimita 5 kuelekea njia kuu, na nafasi uliyokuwa nayo ilikuwa hiyohiyo. Programu nzuri itakuonyesha jambo hili kabla hujanunua kipande hata kimoja.

Na hapa kuna tofauti ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Programu nyingi zina kiasi cha uvumilivu: ncha mbili zikikaribiana vya kutosha, programu huzihesabu kuwa zimeungana. Uvumilivu mdogo ni wa lazima, kwa kuwa hata reli halisi hucheza kidogo kwenye viungio. Ukiwa mkubwa, kila kiungio hubeba kosa lake kimyakimya, na duara linalojifunga vizuri kwenye kioo linaacha pengo mezani. Kabla ya kuanza kuchora, ingia kwenye mipangilio na uubane.

1. AnyRail, kwa watu wengi

Kama unanunua reli zilizotengenezwa tayari, anzia hapa. Ni ya Windows, na maktaba yake ina vipande vya watengenezaji wengi. Unaburuta kipande, unakikaribisha kwenye ncha ya kingine, nacho kinanasa na kujigeuza kufuata pembe ya ncha hiyo. Mtu ambaye hajawahi kugusa programu ya uchoraji anaweza kuwa na duara mezani kabla chai haijapoa.

Ubora wake, kwa maoni yangu, uko kwenye reli ya kukunja, yaani kipande kirefu unachoweza kukipinda utakavyo. Unaivuta kutoka ncha moja hadi nyingine, inachora mpindo wake yenyewe, na ikikazika kuliko nusukipenyo ulichokiweka kuwa cha chini kabisa, rangi inabadilika kukuonya. Onyo hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Injini ndefu yenye magurudumu mengi haipiti kona ambayo behewa fupi inaipita bila shida, na jicho halina uwezo wa kupima tofauti ya milimita 450 na 500 kwenye kioo.

Toleo la bure linaishia vipande 50. Usilidharau. Duara zima la kona za digrii 22.5 linakula vipande 16, kwa hiyo 50 zinatosha duara, njia ya kupishania na viegesho viwili vitatu. Ukifika ukingoni ndipo ununue leseni, na wakati huo utakuwa unajua unacholipia.

2. Templot, kwa wanaojenga reli kwa mikono

Kama ungeniuliza ni programu gani inaelewa reli yenyewe, ningejibu Templot bila kusita. Imeandikwa na Martin Wynne wa Uingereza, ni ya bure, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelaza mataruma moja moja na kuunganisha reli juu yake. Ni ya Windows, ila watumiaji wa Mac na Linux huiendesha kwa kupitia Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye mifumo mingine. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: wanunuzi wengi hawajengi reli zao wenyewe. Kwa wanaojenga, hakuna ya kuilinganisha nayo.

Inafanya kazi kinyume na nyingine zote. Hakuna sanduku la vipande. Wakati wowote una kiolezo kimoja tu kilicho hai, ambacho ndicho unachokifinyanga: unakirefusha, unakipinda, unabadilisha ukali wa pointi, unakihamisha. Ukiridhika nacho unakihifadhi nyuma, na hapo kinabaki kama mchoro uliotulia. Ukitaka kukibadilisha, unakibofya na kukirudisha kuwa hai. Siku ya kwanza utaratibu huu unachosha. Watu wengi huiacha hapohapo, na ninawasihi wasiiache.

Siri yake ni kigingi. Kila kiolezo hai kina kigingi, alama inayosema: hapa pasihame. Ukikipinda kiolezo, kinapindika kukizunguka kigingi. Ukikizungusha, ndiyo egemeo. Kwa kubonyeza Ctrl pamoja na tarakimu, unakihamisha kigingi hadi sehemu muhimu za pointi, mwanzo wake au pale reli mbili zinapokatana. Chukua mfano huu. Pointi yako imeungana vizuri upande wa kulia, lakini upande wa kushoto njia inapita sentimita moja nje ya jukwaa la stesheni. Kwenye programu ya kunasa utaing'oa, utatafuta kipande kingine, utajaribu tena. Kwenye Templot unaweka kigingi kwenye kiungio cha kulia, unabonyeza F6, na unasogeza kipanya. Pointi nzima inapinda taratibu, mataruma yake yakifuata, mpaka njia inalala kando ya jukwaa. Kiungio cha kulia hakijatikisika hata kidogo.

Mwenzake kigingi ni alama ya kupachikia. Unaiweka juu ya njia iliyohifadhiwa nyuma, popote unapotaka pointi mpya ianzie, kisha unaamuru kiolezo hai kiruke hadi hapo. Kinatua juu ya alama kwa mwelekeo uleule wa njia, bila kukisia pembe kwa jicho. Kama unataka tu kukiburuta kwa mkono, unaweza kukihamisha kiolezo kwa kipanya.

Ndiyo maana michoro ya Templot inatiririka. Reli halisi hazikujengwa kwa vipande vya digrii 22.5, pointi huwa ndani ya kona, na kona huingia kidogo kidogo kwa mpito. Unaweza pia kuweka ramani ya zamani ya stesheni nyuma ya mchoro na kulaza violezo juu yake. Na kwa wanaotumia geji sahihi zaidi za Uingereza, yaani EM ya milimita 18.2 na P4 ya milimita 18.83, ambako reli za dukani ni chache, programu hii inakaribia kuwa ya lazima.

Onyo kidogo: mahali ambapo pointi mbili zinaingiliana, mataruma yao yatapandana kwenye mchoro. Hilo halijirekebishi lenyewe. Kuna zana ya kuyasogeza moja moja, nayo inahitaji subira na picha ya njia halisi mbele yako.

3. XtrkCAD, kwa asiyetaka kulipa wala kuwekewa kikomo

Hii ni ya bure na msimbo wake uko wazi, nayo inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Haina kikomo cha vipande. Pointi za watengenezaji zimo kwenye mafaili ya vigezo ambayo unayapakia kulingana na reli unazotumia.

Inachofanya vizuri kwenye uwekaji ni hiki: ukiishusha pointi juu ya njia iliyokwisha kuchorwa, inajilaza kwa mwelekeo wa njia hiyo, kisha njia inakatwa na kuipisha. Kwa hiyo unaweza kuchora kwanza njia kuu kama unavyoiota, halafu ukaja kupanda pointi. Amri yake ya kuunga ncha mbili, pamoja na kona za mpito, inakaribia ustadi wa Templot kwa mtu anayetumia reli za kukunja.

Tatizo ni sura yake. Vitufe ni vingi, majina ya amri si rahisi kuyakisia, na wiki ya kwanza utafungua mwongozo mara kwa mara. Kama fedha si kikwazo kwako na muda ndio haba, AnyRail itakufaa zaidi. Kama ni kinyume chake, XtrkCAD isingekuwa ya tatu kwenye orodha yako.

4. SCARM

Imetungwa na Milen Peev wa Bulgaria, ni ya Windows, na toleo lake la bure linaishia vipande 100. Ukibofya kipande kwenye maktaba kinajiongeza kwenye ncha iliyo hai, kisha ncha inahamia mbele, kwa hiyo mpango wa reli za seti unaukamilisha upesi kweli. Pande zake tatu ni nzuri, na kwa mtu mwenye vilima na madaraja hilo linasaidia kuona kama njia ya juu ina nafasi ya kutosha juu ya ile ya chini. Nimeiweka chini kwa sababu inafikiri kwa vipande: unapotaka kuipinda pointi kidogo ifuate kona, haina la kukupa. Wanaotumia reli za Atlas wajue kwamba programu ya kupangia inayotolewa na kampuni hiyo imejengwa juu ya SCARM.

5. RailModeller Pro

Ni kwa ajili ya Mac, na ina toleo dogo la bure la kujaribia. Inanasa vipande vizuri na ni safi machoni. Kama kompyuta yako ni Mac na unatumia reli za dukani, ichukue. Kama unajenga reli mwenyewe, rudi namba 2.

Kabla ya kulipia leseni yoyote

Chora njia ya kupishania: njia kuu, pointi mbili zinazotazamana, na njia ya pembeni kati yake, kwa reli zilezile utakazonunua. Umbo hili dogo linafichua udhaifu wote. Kuza kiungio cha mwisho mpaka kijaze kioo na uangalie kama ncha zimegusana kweli au zimesamehewa.

Kisha chapisha pointi moja kwa ukubwa wake halisi. Printa nyingi, zikiachiwa, hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, kwa hiyo zima chaguo hilo. Punguzo la asilimia 2 hulioni kwenye geji, kwani milimita 16.5 inakuwa 16.2 hivi, lakini kwenye urefu wa reli moja ya kukunja ya milimita 914 umepoteza milimita 18. Usipime geji. Pima mstari mrefu kuliko yote uliomo kwenye karatasi, kwa rula ya chuma, kwa urefu na kwa upana, kwa kuwa printa nyingine hukosea upande mmoja tu. Kwa mpango wa kurasa nyingi, hakikisha programu inachapisha alama za kuunganishia kwenye pembe za kila ukurasa. Bila alama hizo, kugandisha karatasi kwenye ubao kunarudisha lile kosa la digrii 1 ulilokuwa umeliepuka.

Mwisho, laza pointi halisi juu ya karatasi. Reli ikifunika mstari kuanzia ncha moja hadi nyingine, pande zote mbili za mgawanyiko, programu hiyo inastahili fedha yako. Ikikaa sawa mwanzoni na kutoka nje mwishoni, ama faili la kipande hicho lina kasoro ama umechagua toleo lingine la pointi hiyohiyo kwenye maktaba, maana ndogo, ya wastani na kubwa za PECO Streamline zote hugeuka digrii 12 na majina yao hukaa jirani kwenye orodha.