Tahadhari: Muuzaji wa magurudumu ya velodromu anayeficha kikomo cha upepo wa tairi chini ya stika

Ndugu zangu mnaoendesha baiskeli kwenye velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli wenye kona zilizoinuka, hapa Uingereza, hasa mnaonunua magurudumu yaliyokwisha kutumika, naandika nikiwa na hasira na fedheha ambazo bado hazijatulia. Kuna kijana anayeuza magurudumu ya mbio kutoka kwenye buti la gari mjini Manchester, mwenye Kiswahili safi na heshima zote za mdomoni, naye ameniuzia gurudumu la mbele ambalo lingeweza kuniua mimi pamoja na yeyote ambaye angekuwa nyuma yangu.

Nilikuwa natafuta gurudumu la mbele kabla ya mashindano. Diski ya nyuma, yaani gurudumu lililozibwa lote lisilo na spoku za wazi, ninayo. Nilichokosa ni rimu ya mbele yenye kina kirefu kwa mbio za kufukuzana za mita 4,000, ambamo wapinzani wawili huanzia pande mbili za uwanja, kwa kuwa ndani ya velodromu hakuna upepo wa ubavuni wa kuyumbisha usukani, na ukifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa sehemu kubwa sana ya nguvu zako inaishia kupambana na hewa. Anayekimbia kilomita moja kutoka kusimama ana sababu ya kuhesabu kila gramu, maana gurudumu zito linamchelewesha kushika kasi. Mimi nilitazama kwanza kina cha rimu, kisha upana wake uendane na tairi ya milimita 23.

Yule kijana aliyajua yote hayo kabla sijayasema. Aliniamkia, “Shikamoo, kaka,” akafungua buti, akafunua blanketi la kijivu, akalitoa gurudumu kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Aliniuliza kama nakimbia kilomita moja au kufukuzana. Alinieleza mwenyewe kwamba habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele ni ya milimita 100 na ya nyuma ni 120, akaliweka gurudumu kwenye kistendi kidogo alichokuja nacho, akalisukuma kwa kidole. Lilizunguka bila kuyumba hata kidogo. Nikazibana spoku mbilimbili kwa vidole, zote zilikuwa zimekazwa sawasawa. Tairi ilikuwa imekwisha kuvalishwa, akasema ananiachia kama zawadi kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Nikamuuliza kuhusu upepo, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu wa velodromu, naye akaniwekea kidole kwenye stika iliyoandikwa bari 11, bari ikiwa kipimo cha upepo wa tairi. “Hii ni ya uwanjani, kaka. Jaza bila wasiwasi.”

Sasa niambieni, nani hapa asingemwamini mtu wa namna hiyo? Tapeli wa kawaida hajui upana wa habu, wala hakuachi ukague spoku kwa muda unaoutaka. Huyu hakuniharakisha kwa lolote. Nikamlipa pauni 620 kwa ile njia ya kutumiana fedha kama marafiki na jamaa, baada ya yeye kulalamika kwamba makato ya njia ya biashara yangemla faida yote, na kwamba sisi ni ndugu.

Fundi wa klabu ndiye aliyeitoa ile tairi ya zawadi ili anivalishie yangu. Alipitisha kidole ndani ya ukingo wa rimu, akanyamaza, akakipitisha tena. Ukingo ulikuwa umenyooka, hauna kulabu ya kushika tairi. Akaikwangua stika kwa ukucha mbele ya vijana wote wa mazoezi ya jioni, na chini yake yakatokea maandishi ya mtengenezaji: bari 5, paundi 72.5 kwa inchi ya mraba, usizidishe. Nilihisi uso unaniwaka moto. Rimu za aina hiyo zimetengenezwa kwa tairi pana za barabarani zisizo na tyubu, zinazojazwa upepo mdogo, na hata tairi yenyewe lazima iwe imeidhinishwa kwa rimu isiyo na kulabu. Mimi nilikuwa naenda kuijaza bari 10, ambao ni upepo wa kawaida kwenye uwanja wa mbao. Kwa upepo huo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu wakati wowote, na kwenye kona za Manchester, zenye mwinuko wa takriban digrii 42, hakuna breki ya kukuokoa, na kwa kuwa pedali huzunguka pamoja na gurudumu, wala miguu huwezi kuisimamisha.

Nilipomtumia picha alinijibu kwamba stika nimeibandika mwenyewe, kisha akanifungia mawasiliano. Huu si wizi wa pauni 620 peke yake. Aliyeibandika stika ile alikaa chini, akachapisha namba ya uongo, akaipima ifunike maandishi yote ya onyo, akijua kabisa kwamba kuna binadamu atakayepanda juu yake. Nimeripoti polisi na nimewapa ujumbe wote tulioandikiana. Ninataka ashitakiwe, arudishe fedha za kila aliyemuuzia, na apigwe marufuku kuuza hata njuga ya baiskeli. Wanaomfahamu na wanaendelea kumtetea kwa sababu ni kijana wa nyumbani wajiulize watasema nini siku mtoto wa mtu atakapovunjika shingo.

Stika yake ni nene kidogo pembeni na iko upande mmoja tu wa rimu. Tairi huwa imevalishwa tayari, na ukitaka kuitoa anasema utaikwaruza kaboni. Malipo anayataka kwa njia ya jamaa tu. Hivi sasa ametangaza gurudumu jingine, la nyuma, lililopigwa picha juu ya blanketi lilelile la kijivu. Kama umeshamlipa, usilijaze upepo. Litoe tairi leo, kwangua stika, kisha niandikie ili jina lako liunganishwe kwenye ripoti ya polisi.