Chakula cha paka: kipi ununue, kipi uache

Paka wengi wa mjini wanaishi kwa ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, na kwa macho wanaonekana wazima. Ndiyo maana mtu akikuta mfuko wa chakula cha paka supamaketi, akatazama bei, hucheka na kupita. Lakini paka si mbwa. Mbwa anaweza kujikongoja na ugali na mabaki. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa, na mwili wake hautengenezi vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini. Taurini anaipata kwenye nyama na samaki, siyo kwenye unga wala maharage. Akiikosa kwa miezi mingi, macho yanapofuka na moyo unatanuka na kulegea. Hili la moyo lilionyeshwa na watafiti wa California mwaka 1987, na baadhi ya paka wale walikuwa wanakula chakula cha kiwandani! Viwanda vikaongeza taurini kwenye vyakula vyao.

Huo ndio msingi wa mpangilio wangu, pamoja na mfuko wa mnunuzi. Bei usizilinganishe kwa kilo, zilinganishe kwa siku.

Namba moja: punje kavu, chakula kamili, mfuko uliofungwa kiwandani. Paka mzima wa kilo nne anatosheka na gramu 50 hadi 60 kwa siku, kwa hiyo kilo moja inavuka wiki mbili. Piga hesabu hiyo kabla hujasema ni ghali. Kwenye mfuko tafuta neno "complete". Ukikuta "complementary", hicho ni kitafunwa, hakimtoshi. Kiambato cha kwanza kiwe nyama, kuku au samaki, si mahindi. Protini isipungue asilimia 26 kwa paka mzima na 30 kwa mtoto, ambavyo ndivyo viwango vya chini vinavyotumika Marekani.

Zile punje za kupimiwa kwenye gunia lililo wazi mlangoni, mimi sinunui. Kwa joto la Dar au Mombasa mafuta yake yanachacha upesi, tarehe ya kuisha huioni, na hakuna wa kukuhakikishia kuwa siyo ya mbwa. Kasoro ya punje zenyewe ni ukavu: maji ni kama asilimia 10 tu, na paka si mnywaji mzuri. Weka bakuli la maji mbali kidogo na chakula, au loweka punje. Paka dume akikaa anajikamua mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Namba mbili: vya ndani vya kuku. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi na buchani haigombaniwi. Firigisi nazo ni nzuri. Chemsha kidogo tu, bila chumvi wala kitunguu, na ile supu usiimwage, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mmiminie juu ya nyama. Maini mpe kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Akila maini kila siku, vitamini A inajazana mwilini na mifupa ya shingo inaota vinundu mpaka ashindwe kujilamba mgongo. Mifupa iliyopikwa itoe yote, inavunjika kwa ncha kali. Na kwa kuwa nyama tupu haina kalisi ya kutosha, iwe nyongeza ya punje.

Namba tatu: dagaa. Najua wengi wangemweka wa kwanza, na paka wenyewe wangepiga kura hivyo hivyo. Dagaa ana protini, ana kalisi kwa kuwa analiwa na mifupa yake, na yuko kila soko. Tatizo ni namna tunavyomnunua. Mfuko wa "dagaa wa kuku" ni vipande na mchanga: tia konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri kidogo, halafu tazama kilichotulia chini. Chagua dagaa mzima mwenye kung'aa kama fedha. Akishageuka rangi ya kahawia na kutoa harufu kali ya mafuta ya zamani, mwache. Wa Mwanza huanikwa hivi hivi. Wa Zanzibar huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo mloweke na umwage maji mara mbili kabla ya kumpika.

Mpike kweli, maana baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Usimpe kila siku pia: paka anayekula samaki wa mafuta peke yake hupungukiwa vitamini E, mafuta ya mwilini yakawaka uvimbe, ukimgusa tumbo analia. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Pweza naye ana taurini tele, ila kwa bei ya sasa huyo mle mwenyewe.

Namba nne: makopo na vipakiti laini. Kwa ubora ningevipandisha juu, hasa kwa paka dume na wazee, kwa sababu robo tatu yake au zaidi ni maji. Bei ya siku ndiyo inayoviangusha. Nunua kimoja kimoja, umchanganyie na punje.

Vya kuacha: chakula cha mbwa, ambacho hakikutengenezwa kwa mahitaji ya paka, maziwa ya ng'ombe, yanayowaharisha paka wengi wakubwa, na mchuzi wa jana, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Ukishanunua, usibadilishe kwa ghafla. Changanya kipya na cha zamani, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima. Akisusa, usimkomeshe kwa njaa: paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kazi.