Wiski inayonuka mwani: mimi na Laphroaig ya miaka 10, Paje

Chupa hii ilikaa kwenye rafu ya kaunta yetu miezi minane bila mtu kuiita jina. Kila Jumatatu nilikuwa naishusha, naipangusa vumbi, naitazama lebo yake nyeupe kwenye kioo cha kijani, naisoma "Lafroagi" kimoyomoyo, kisha naisukuma nyuma ya Jameson. Wageni wetu wanataka mojito, bia ya baridi, na akizidi sana mtu atataka Jack Daniel's na koka. Nani atakaa mbele ya bahari ya Paje, jua la saa tisa linamchoma mgongo, aagize kitu ambacho hawezi hata kukitamka?

Mimi ni wa Rombo, Kilimanjaro. Unguja nina mwaka wa sita, na minne ya mwisho nimesimama nyuma ya kaunta. Nataja kwetu kwa sababu mtu akikusimulia kinywaji, ni vizuri ujue ulimi wake umelelewa wapi. Wangu umelelewa na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Bibi yangu alikuwa anapika ya kuuza, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kugeuza kimea cha ulezi juani kisishike ukungu. Harufu ya nafaka iliyochipua naijua tangu sijajua kusoma.

Mwanzoni mwa 2024 mambo ya vibali vya kuingiza vinywaji Unguja yalibadilika, na kwa wiki kadhaa mzigo ukawa hauji. Waliofanya kazi hotelini wanakumbuka. Kwetu ilianza bia, ikafuata Jameson, ikafuata Red Label, mpaka usiku mmoja rafu ikabaki na jini ya ladha ya nanasi, kinywaji kimoja kitamu cha kahawa, na huyu Lafroagi wangu. Akaja mzee mmoja wa Kiskoti, amevaa kikoi alichokinunua asubuhi yake, akaiona ile chupa akapiga makofi kama aliyeona ndugu yake bandarini. Akanifundisha kwanza jina: ni "Lafroig", na kisiwa inakotoka kinaandikwa Islay lakini kinatamkwa "Aila". Akaomba toti mbili, bila barafu, na kijiko kidogo cha maji pembeni. Akanimiminia tone na mimi.

Dettol. Hilo ndilo neno lililonijia. La pili bendeji. La tatu siliandiki. Yule mzee alicheka mpaka akashika meza.

Usiku ule wakati wa kufunga nikamwagikiwa na nusu toti kwenye aproni. Asubuhi nikaitundika kambani uani, nimechoka kufua. Mama mwenye nyumba akarudi kutoka pwani na gunia lake kichwani, akasimama pale kambani, akavuta pumzi.

"Mwanangu, nguo hii mbona yanuka mwani? Jana ulishuka pwani?"

"Hapana, Bi Mkubwa, ni ya kazini."

"Basi huko kazini kwenu waanika mwani," akasema, akaenda zake kumwaga gunia.

Sikumwambia ni nini, na mpaka leo sijamwambia. Lakini alipoingia ndani niliinusa ile aproni, kisha nikaenda nikainama kwenye mwani wake uliokuwa umeanikwa siku mbili. Nikarudi kwenye aproni. Nikarudi kwenye mwani. Wallahi, kama wanavyosema wenyeji wangu. Chumvi, kamba iliyolowa, ile dawa ya kahawia tuliyokuwa tunapakwa vidonda zahanati, na chini kabisa utamu fulani wa kitu kinachokauka. Mama yule ambaye hajawahi kugusa pombe maishani mwake alinipa neno ambalo mimi na kazi yangu ya kaunta nilikuwa sina.

Kwa asiyewahi kufika upande huu: Paje, Jambiani na Bwejuu wanawake wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakitoka bamvua, wanashuka na kamba na vijiti, wanafunga, wanavuna, wanapanda. Ule mnene wenye bei, wanaouita cottonii, unakufa bahari ikipata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosum, ambao ni kazi ileile kwa hela pungufu. Kijiji kizima kinanuka huo mwani jua likiwaka. Wageni wengine wanalalamika mapokezi kwamba kuna kitu kimeoza. Mimi sasa nikiisikia harufu hiyo mate yananijaa.

Tuje kwenye chupa yenyewe. Ni wiski ya kimea kitupu cha shayiri, ya kiwanda kimoja, kilichoanza 1815 ufukweni kusini mwa Islay. Hiyo 10 kwenye lebo maana yake tone changa kuliko yote humo ndani limekaa miaka 10 kwenye pipa. Sheria ya Uskoti inataka mitatu tu. Yangu imeandikwa nguvu ya asilimia 40. Na mwani? Hawatii mwani hata jani. Shayiri wanailoweka mpaka ichipue, kama ulezi wa bibi yangu, ila bibi alikuwa na jua la Rombo la kukaushia na wao jua la kutegemea hawana. Wanakausha kwa moto, na kuni yao ni udongo mweusi wa kinamasi, majani na majani mengine yaliyooza maelfu ya miaka, wanaukata vipande kama matofali wanauanika. Ukiwaka unatoa moshi mzito, moshi unaingia kwenye kimea, na haukitoki tena: unavuka mtungi, unavuka pipa, unakufikia wewe Paje. Ile harufu ya dawa ni huo moshi. Nilipoelewa hivyo, Dettol ikahama kichwani, pakabaki jiko la kuni la nyumbani siku ya mvua.

Nimejaribu kusoma vitabu vya wiski ambavyo wageni huacha vyumbani. Wanasema ina ladha ya keki ya Krismasi, ya ua la milimani kwao, ya saruji iliyolowa mvua ya vuli. Mimi keki hiyo sijaila. Kwa hiyo nimejitungia daftari langu, kwa pua yangu. Jack Daniel's kwangu ni ndizi mbivu iliyopitiliza, ile ya kumenyea mbege. Mara ya kwanza kuinusa nilikaribia kulia kwa hamu ya nyumbani. (Na kituko: inatengenezwa Lynchburg, Tennessee, katika wilaya ambayo kwa sheria zake za zamani pombe haiuzwi ovyo. Wenzetu wa Unguja wangeelewana nao.) Wiski za mahindi za Kimarekani zinazoitwa bourbon, ambazo lazima mahindi yawe angalau asilimia 51 na pipa liwe jipya lililochomwa ndani, zinanuka vanila, ileile wanayowaonyesha watalii kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Glenfiddich ya miaka 12 ni peasi la Lushoto. Black Label ina moshi, lakini moshi wa jirani: unausikia, hujui nani anapika.

Jameson ndiyo ninayowapa wanaoanza. Inachemshwa mara tatu, ni laini, haina ugomvi na mtu. Ukiikata na Stoney Tangawizi na ndimu nusu, unakunywa tatu kabla hujajua umekunywa moja. Naipenda kama unavyompenda binamu mpole. Ila sijawahi kuikumbuka kesho yake. Red Label ni ya harusi. Watu wanainunua ionekane mezani, na sina neno baya nayo ikiwa na soda nyingi.

Laphroaig hairuhusu soda. Nimejaribu, kwa utafiti, na koka: ilikuwa kama kumwaga sukari kwenye mchuzi wa papa.

Sasa namna ya kuinywa huku kwetu, maana maelekezo ya wenyewe yameandikwa kwa watu wanaokaa karibu na moto wakiwa na sweta. Kwa joto la Februari, ukiimimina tu, kali yake inakupiga puani kabla ya kitu kingine chochote. Barafu nayo inaiua. Moshi unabaki, utamu wote unajificha. Ninachofanya ni kuiweka gilasi peke yake kwenye friji dakika kumi, gilasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, kisha namimina toti moja, natia maji nusu kijiko cha chai. Maji yawe ya chupa. Ya bomba huku mashariki yana uchumvi, nilikosea siku moja nikadhani ni wiski imeharibika. Halafu unaiacha. Kaa, piga soga, rudi baada ya dakika tano. Hapo dawa imepungua na unaanza kupata kimea, asali kidogo, maganda ya ndimu yaliyokauka. Ukimeza, moshi unakaa kinywani muda wa kutosha kufunga kaunta, kuhesabu hela na kuzima taa.

Na chakula? Kwa pilau haifai, viungo vinagombana. Kwa pweza wa kuchoma, yule anayeuzwa usiku na pilipili ya ndimu, sijui kama kuna kinywaji kingine duniani kinachomfaa vile. Ni bahari juu ya bahari. Halua pia, kipande kidogo chenye iliki, baada ya kila kitu.

Kasoro zake. Bei kwanza: hela ya chupa hii ingenipatia Red Label tatu na nauli ya daladala ya kwenda mjini na kurudi. Si kinywaji cha kukaribisha watu. Katika wenzangu sita niliowaonjesha, mmoja tu aliomba tena, na yeye ni mvuvi wa zamani wa Tanga. Harufu inabaki kwenye nguo, kama nilivyosema. Na ukishavuka nusu chupa na hewa imeingia, moshi unaanza kupoa. Baada ya miezi mitatu minne utakuwa na kitu kitamu zaidi lakini kisicho na makali yale. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi nataka makali.

Ya kwanza ilikuwa mali ya hotel, ikaisha kihalali, toti kwa toti, wageni wengi wakiagiza baada ya mimi kuwasimulia habari ya mwani. Ya pili ndiyo yangu mwenyewe: mwenzangu wa jikoni alitoka likizo, akaninunulia kwenye duka la uwanja wa ndege alikopita, nami nikamlipa kwa mafungu mawili. Kabla ya hapo nilitaka kununua wiski nyingine nzuri kwenye duka moja, jina naliacha, nikakuta chupa zimepangwa dirishani jua linazipiga mchana kutwa, nyingine rangi imeshapauka kama chai ya mara ya tatu. Wiski haiozi, lakini jua linaiua polepole. Ukienda dukani, omba iliyo ndani ya boksi lake au ya rafu ya nyuma, na ukifika nayo nyumbani isimamishe wima. Ukiilaza, kali inakula kizibo.

Naiweka chini ya kitanda, ndani ya sanduku, imeviringishwa kanga. Naishi kwa watu wanaoswali, sikuja kuwapigia chupa ukutani. Nyumbani sinywi, siku yangu ya mapumziko naenda nayo kwenye vyumba vya wafanyakazi, toti moja, ikizidi mbili, nasubiri kinywa kitulie ndipo narudi. Ramadhani siigusi kabisa, ingawa mimi ni Mkristo na hakuna aliyenikataza. Mama mwenye nyumba huwa ananiletea uji na tambi za futari jioni, sasa nitampokea sahani huku nanuka nini?

Ikiwa unatafuta wiski ya kwanza maishani, nunua Jameson, usinitukane. Ikiwa umeshazizoea zote na zinaanza kufanana, na pua yako inajua pwani, tafuta hii. Yangu imebaki vidole vitatu. Bamvua linaingia wiki ijayo, wanawake watashuka, uani kwetu kutaanikwa magunia manne au matano, na Jumamosi sina zamu.