SGR Dar–Dodoma: ndani ya treni raha, kazi ipo ukishashuka

Treni ya umeme ya SGR, yaani reli ya kisasa, kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024, na kwa mwendo haina mpinzani barabarani. Njia imejengwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na saa nne hivi zinakutoa Dar hadi makao makuu. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Treni ya mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka, na madaraja ya juu ni bei nyingine.

Tiketi kata mtandaoni mapema, hasa Ijumaa na Jumapili. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana mlangoni tiketi na kitambulisho vyote vinaangaliwa. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi na foleni yake haina huruma, kwa hiyo kufika dakika tano kabla, kama mtu anayedandia daladala, ni kuiaga treni kwa macho.

Upande wa Dar umekaa vizuri: stesheni iko mjini, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kiko jirani, na bandarini kwenye boti za Zanzibar ni bajaji tu.

Dodoma ndiko kwenye kasoro. Treni inakushusha Mkonze, mabasi ya mikoani yako Nanenane, Nzuguni, upande wa pili wa mji. Anayeendelea Singida au Mwanza lazima akatize mji mzima, na akishuka usiku ajiandae kulala. Wa treni ya zamani ya Kigoma naye asichanganye: stesheni yake ni ile ya katikati ya mji, kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja, siyo jengo hili jipya. Nairobi angalau wameweka treni ndogo ya kutoa abiria Syokimau hadi mjini.

Morogoro ni nafuu. SGR iko Kihonda, stendi iko Msamvu. Wa Mikumi na Ifakara ashukie hapa, asipitilize.

Jingine ni umeme. Hitilafu ikitokea kwenye nyaya za juu, treni inasimama ilipo. Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania (TRC) wenyewe waliwataja ngedere na ndege kuwa miongoni mwa visababishi. Mwenye ndege au boti ya kuwahi aache nafasi ya saa tatu, au apande treni ya asubuhi.