Golf R ya 2015 Nairobi: kuuza au kubaki nayo? Uzoefu wangu

Jibu kwanza: Golf R yangu, ile Golf kali ya Volkswagen (VW), siiuzi mwaka huu. Lakini kama pampu ya Haldex, mfumo wa kusukuma magurudumu ya nyuma, ingekuwa imekufa, au gia zingekuwa zinatetema kwenye foleni ya Waiyaki Way, ningekuwa nishaitangaza sokoni. Wengi huamua kwa kuangalia kilomita na mwaka wa gari. Mimi naangalia vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuvikagua Jumamosi moja, akiwa na tochi, jeki na mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari.

Gari lenyewe ni kizazi cha saba, lililotoka Japani, lenye gia 6 za DSG, yaani zinazojibadilisha zenyewe kwa klachi mbili. Injini ni EA888, sisi 1984, yenye turbo ya IS38. Ulaya iliuzwa ikiwa na nguvu farasi 300. Za Japani zilipunguzwa hadi 280, na hizo ndizo nyingi utakazokuta kwenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road, kwa hiyo usimlipe mtu zaidi kwa sababu ametamka 300.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapa injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Turbo hufidia, ila hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi na kusukuma hewa yenye joto zaidi. Kuna pia suala la petroli. Super ya kawaida hapa kwetu ni okteni 93 (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili isiwake yenyewe kabla ya cheche), ilhali kiwanda kilikusudia injini hii inywe 98, au 95 kwa nguvu pungufu kidogo. Injini ikianza kugonga, yaani petroli ikiwaka yenyewe, kompyuta huchelewesha cheche na nguvu hupungua. Hutasikia kelele yoyote; utaona tu gari limekuwa zito ukipanda kutoka Mai Mahiu. Mimi huweka petroli ya daraja la juu, na nikiikosa nakanyaga kwa adabu.

Sasa gia, kwa maana hapo ndipo pesa hupotelea. Giaboksi hii, DQ250, ina klachi mbili zinazoogelea ndani ya mafuta. Kiwanda kinasema mafuta yabadilishwe kila kilomita 60,000. Kwa foleni zetu nabadilisha kila 40,000, maana klachi huchoka zaidi gari likitambaa kuliko likikimbia. Nunua lita 6 za mafuta yanayokubaliwa kwa namba G 052 182, pamoja na filta na pete yake ya mpira. Zitaingia lita 5 na kidogo, kwa sababu mafuta mengine hubaki ndani hata ukimwaga vipi.

Kosa hufanyika kwenye kupima. Kiwango hupimwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi. Ndani ya tundu la chini la kutolea mafuta kuna kibomba kidogo cha plastiki; mafuta ya ziada hutiririka kupitia hapo, na yakianza kudondoka tone moja moja, kiwango kimefika, funga. Fundi akipima mafuta yakiwa na nyuzi 80, yatakuwa yamepanuka, yatamwagika mengi, na utaondoka na giaboksi yenye upungufu ukidhani umehudumiwa. Kabla hajagusa boliti muulize anasomaje joto la mafuta hayo. Akikuonyesha kiganja cha mkono, tafuta mwingine.

Dalili mbaya ni hizi. Gari likitetemeka linapoondoka taratibu, baada ya nusu saa ya foleni na mafuta yakiwa moto, klachi zinaelekea mwisho. Mlio kama wa kokoto ndani ya sufuria injini ikiwa imetulia, ukafuatwa na mshtuko ukizima, ni flaiwili ya vipande viwili (gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi) imelegea. Kuibadilisha ni lazima giaboksi ishuke. Ikiwa una dalili zote mbili, piga hesabu ya kazi hiyo kabla ya kuwaza kitu kingine chochote. Na barabarani, usitambae sentimita ishirini ishirini nyuma ya matatu; acha nafasi ya magari mawili, kisha sogea mara moja. Watakuchomekea, ndiyo. Afadhali wachomeke.

Upande wa maji ya kupoza injini, ugonjwa wa injini hii unajulikana: jumba la pampu ya maji na thermostati ni la plastiki, nalo hupinda na kuvuja. Limejificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, upande wa giaboksi, hivyo hutaliona ukifungua boneti na kutazama tu. Washa tochi ya simu, iingize nyuma ya mabomba na uangaze kwa chini. Unatafuta ukoko wa rangi ya waridi, mkavu kama chumvi iliyogandia kwenye sufuria. Ukiuona, basi maji yanatoka hata kama hakuna tone chini ya gari, kwa sababu yanakauka kwa joto kabla ya kufika sakafuni. Badilisha jumba zima pamoja na mkanda wake mdogo wa meno. Gundi ya silikoni ni kujidanganya.

Usiongeze maji ya mfereji. Changanya dawa ya kupoza injini ya G13 nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled). Ndani ya tangi la akiba kuna kifuko cha chembe za silika, na kikipasuka, chembe hizo huziba vijia vyembamba vya kipasha joto cha ndani ya gari. Nairobi hakuna anayewasha hita hadi Julai, kwa hiyo muuzaji anaweza kukuuzia ugonjwa huu bila hata yeye kujua. Washa hita hadi mwisho injini ikiwa moto: upande mmoja ukitoa joto na mwingine ukatoa hewa baridi, kifuko kimeshafanya yake.

Kipimo kingine hakigharimu hata shilingi. Injini ikinguruma polepole, jaribu kufungua kifuniko cha mafuta ya injini. Kuvutwa kidogo ni kawaida. Kikinyonywa hadi kikashindikana kutoka, na ukasikia filimbi, utando wa kipumulio cha injini umechanika. Kipumulio kiko juu ya injini na kubadilisha ni kazi fupi, lakini ukikipuuza, mvuto huo huharibu sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), na hapo giaboksi inashuka tena. Mafuta ya injini ni lita 5.7, yenye idhini ya VW 502 00 au 504 00. Mimi sivuki kilomita 8,000.

Haldex ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na ndiyo husahauliwa kuliko zote. Huu ni mfumo wa kizazi cha tano. Hauna filta ya kubadilisha, una chujio dogo la waya kwenye pampu. Fundi wengi humwaga mafuta, huweka mapya, hutoza, wakaliacha chujio pale pale. Baada ya muda vumbi la klachi huliziba, pampu hung'ang'ana hadi kuungua, na unabaki na gari la kuvuta mbele lenye uzito wa gari la magurudumu manne. Kila miaka mitatu pampu ing'olewe, chujio lisafishwe, mafuta yasiyofika lita moja yawekwe. Unahitaji kuona pampu ikitolewa kwa macho yako. Kama huna mashine, tafuta kipande cha murram chenye unyevu na uondoke kwa nguvu kidogo: mbele ikizunguka bure huku nyuma ikichelewa kusukuma, kuna shida.

Haldex hiyo hiyo haipendi tairi zisizolingana. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huifanya iamini kwamba kuna gurudumu linateleza muda wote. Na ikiwa gari lako lina rimu za inchi 19 zenye tairi za 235/35, shuka hadi 18 na 225/40. Gari hili liko chini ya Golf ya kawaida kwa milimita 20 hivi, na matuta ya mitaani hayana kipimo. Ukuta wa tairi ulioongezeka kidogo huokoa rimu, na bushi za nyuma za mikono ya mbele pia.

Spea: filta, plagi na pedi za breki utapata Kirinyaga Road, ila linganisha namba iliyochongwa kwenye kifaa cha zamani na kipya kabla ya kulipa. Pampu ya Haldex na turbo ya IS38 ni za kuagiza, kwa hiyo panga kukaa bila gari kwa wiki kadhaa. VW kuanza kuunganisha Polo Vivo Thika mwaka 2016 hakukutusaidia sisi wa R.

Kilichonifanya nibaki nayo ni hesabu ya ushuru. Chukua gari la petroli la sisi 2000 lenye thamani ya forodha ya 100. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, umefika 135. Ushuru wa bidhaa asilimia 25 juu ya hiyo, 168.75. VAT asilimia 16, unakaribia 196. Bado hujaweka ada ya tamko la uagizaji wala tozo ya reli. Maana yake ni kwamba unalipia gari moja na serikali inakaribia kulipwa jingine. Ushuru wa gari ulilo nalo umekwisha kulipwa. Ukiuza ili uagize lingine la aina hiyo, unaulipa upya. Na kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, la 2015 haliwezi kuletwa tena, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo zinazozunguka kati yetu.

Upande wa pili wa sarafu: wanunuzi ni wachache. Wengi ni vijana wanaotaka mkopo, na mkopeshaji huuliza umri wa gari kabla ya kuuliza injini. Ukingoja miaka mitatu zaidi, hata hao watapungua. Kwa hiyo nimelinganisha namba mbili: gharama ya miaka miwili ijayo nikibaki nayo (gia, Haldex, jumba la maji, tairi nne), na tofauti ya pesa kati ya bei ya kuuza hili na kununua gari litakalonipa raha ileile. Ya kwanza ikizidi nusu ya ya pili, nauza. Kwangu haijafika.

Ikiwa wewe umeamua kuuza, usifanye matengenezo makubwa ili kupandisha bei, hutarudishiwa. Weka tairi nne za aina moja, safisha injini bila kumwagia maji ya presha, chapisha ripoti ya makosa siku hiyohiyo, na utoe karatasi ya mnada wa Japani pamoja na risiti za mafuta ya gia. Kama injini iliwekewa programu ya kuongeza nguvu, rudisha ya kiwanda na umwambie mnunuzi ukweli, kwani IS38 iliyosukumwa kupita kiasi huchakaa, na anayejua atashika ncha ya shafti ya turbo na kuitikisa. Gari likiwa baridi kabisa, mwache aliwashe mwenyewe. Wakati wa majaribio keti kando yake, na mkiingia barabara ya Expressway kumbuka kikomo ni 80. Uhamisho wa umiliki uanzishe mwenyewe kwenye eCitizen pesa zikishaonekana benki, si kwenye picha ya ujumbe, na usikubali mnunuzi aondoke na gari akisema atahamisha jina wiki ijayo.

Langu linasoma kilomita 96,000. Mafuta ya gia yanabadilishwa ikifika 120,000, na siku hiyo nitaomba nione kilichobaki kwenye filta ya zamani. Nikikuta unga laini wa kijivu, tunaendelea. Nikikuta vipande vya chuma, nitalitangaza sokoni, hitilafu hiyo ikiwa imeandikwa wazi.