Lincoln AC-225 kama kizuizi cha mkondo kwenye koili kubwa ya Tesla

Anayenunua mashine hii ya kuchomelea akidhani itampa volti kubwa atapoteza pesa. Bila mzigo hutoa volti 79 tu. Kazi yake kwa wajenzi wa koili za Tesla (mitambo ya kurusha cheche ndefu za umeme) huko Marekani ni kuzuia mkondo unaoingia kwenye transfoma ya nguzo za umeme, ambayo hapa hutumika kinyume, ikipandisha volti 240 hadi 14,400. Transfoma hiyo haijizuii yenyewe: kila cheche inaporuka kwenye pengo la cheche la koili ni kama umeipiga shoti, nayo huvuta ampea hadi breka ianguke.

Ingizo la mashine hufungwa mfululizo na upande wa volti 240 wa transfoma. Kebo ya elektrodi na ile ya kazi huunganishwa pamoja, zibanwe kwa bolti, maana kiungo kilicholegea huyeyuka. Swichi ya mbele, kuanzia ampea 40 hadi 225, ndiyo huamua kiasi cha mkondo. Kwenye 225 mashine imepimwa kuvuta ampea 50 kutoka ukutani, kwa hiyo anza chini. Usiizungushe ikiwa na mzigo. Migusano yake huungua.

Swichi hiyo haipunguzi volti. Pengo likiwa halijaruka, transfoma hupata 240 zote hata kwenye 40, kwa hiyo variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa kuzungusha kitufe) bado inahitajika. Mkondo nao huyumba na kunguruma, hasa kwa pengo la cheche linalozungushwa na mota. Elementi za jiko zenye jumla ya ohmu moja hivi, zikiwekwa mfululizo, huutuliza, ila huwa nyekundu kwa joto.

Udhaifu mkubwa ni joto. Kwenye 225 inaruhusiwa dakika 2 katika kila 10. Feni iliyofungwa sambamba na ingizo hupata umeme pungufu katika mpango huu. Ipe waya wake wa moja kwa moja.

Kwetu, kwenye 50 Hz, kizuizi hiki cha 60 Hz hupungua nguvu kwa sehemu moja ya sita, hivyo shuka ngazi moja. Volti za transfoma ya nguzo huua kwa mguso mmoja, na kapasita ya koili hubaki na chaji baada ya kuzima: chomoa plagi, kisha gusisha kapasita kwa fimbo yenye waya wa ardhi kabla mkono haujasogea.

Mashine ndogo za kisasa za kuchomelea, zile za inveta, hazifai kabisa hapa. Ingizo lake ni daraja la diodi na kapasita, si koili, na zikifungwa mfululizo zinaweza kuungua.