Nilivyothaminishiwa msitu wa baba mkwe, Oregon

Baba mkwe alifariki 2024, akaacha nyumba, akiba na ekari 160 za miti ya Douglas, jamii ya misonobari, vijijini Oregon. Mume wangu ndiye msimamizi wa mirathi. Kutafuta mthamini wa msitu kwa ajili ya kodi ya mirathi kukawa kazi yangu.

Wa kwanza alizoea kuthamini nyumba. Alizidisha ekari kwa bei ya mashamba jirani, basi. Miti ya miaka 60 na machipukizi ya miaka 10 vyote kapu moja! Tukamwacha, tukachukua ofisi yenye mtaalamu wa misitu na mthamini mwenye leseni.

Hawa niliongozana nao msituni siku nzima. Kwenye kila kituo cha sampuli walipima kipenyo cha mashina usawa wa kifua, futi 4.5 kutoka ardhini, na mengine wakayatoboa kwa keekee nyembamba wahesabu miaka. Mnunuzi wa miti hulipia ujazo na ubora wa magogo, kisha hutoa gharama za kukata na kusafirisha. Kwa sababu hiyo mteremko wetu mkali, uliojaa miti mizuri ajabu, ulipewa thamani ndogo kuliko bonde lililo kando ya barabara. Na kwa kuwa thamani inayotakiwa ni ya siku ya kifo, walipunguza hata ukuaji wa miezi iliyopita tangu hapo.

Serikali kuu haikutudai kodi hiyo: msamaha wake wa 2024, yaani kiwango kisichotozwa, ulikuwa dola milioni 13.61. Mwaka huo Oregon ilitoza mirathi iliyozidi dola milioni 1, na nafuu yake ya misitu ilitaka familia iendelee kuutumia msitu, nasi tulikusudia kuuza.

Nilitaka makadirio ya chini kabisa. Mtaalamu akanieleza kwa upole kwamba thamani hiyohiyo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yetu tukiuza. Ukiishusha leo, kodi ya faida inapanda kesho. Nashukuru hakuniridhisha tu.

Nawapa nyota nne. Ripoti ilichelewa, tukaipata wiki tatu kabla ya mwisho wa kuwasilisha fomu ya kodi, na simu zangu mbili hazikujibiwa. Hilo lilininyima usingizi. Lakini ripoti ilitenganisha ardhi, miti iliyokomaa na miti michanga, kila kimoja na thamani yake. Ukimwajiri yeyote, mwombe mgawanyo huo kabla ya kusaini mkataba. Mwaka huu tumeuza miti ya bondeni, na mhasibu aliuliza jedwali hilo kabla ya karatasi nyingine yoyote.